Fagio Si Adhabu

Wiki iliyopita mama mmoja aliniandikia. Binti yake yuko darasa la tano, anaongoza kwa maksi, lakini akishakula anaacha sahani palepale na kumwita dada wa kazi aje kuitoa. Namjibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Mume wangu alikuwa masomoni Nagoya, Japani, na mwanangu wa kwanza akaanzia shule ya serikali ya kule, mwezi Aprili kama ilivyo kwao, akiwa na miaka 6. Asubuhi alikwenda kwa miguu na wenzake wa mtaani, wakubwa wakiwaangalia wadogo wenye kofia za njano. Kabla hajaanza, tuliagizwa tupeleke matambara yaliyoshonwa kwa taulo kuukuu. Nikashona, sijui ni ya nini.

Kumbe ni ya kudekia. Mchana watoto wa zamu huvaa aproni nyeupe, kofia na barakoa, wakawapakulia wenzao, na mwalimu hula chakula hichohicho pamoja nao darasani. Kisha kila mtu kazini. Wanainama, viganja juu ya tambara, wanalisukuma mbio kutoka ukuta hadi ukuta. Mwalimu naye kashika fagio.

Huyo mwalimu ndiye aliyenigusa, kwa sababu sisi nasi tulifagia shule. Nimekwenda shule na fagio la chelewa na kidumu cha maji. Ila kwetu ukichelewa unaosha vyoo, ukipiga kelele unafyeka nyasi, mwalimu kasimama kivulini na fimbo. Tumekua tukiamini kazi ya mikono ni ya mkosaji au ya asiye na hela. Ndiyo maana tukizipata kidogo tu, tunawaondolea watoto kazi zote.

Mwaka 2018 kule Urusi, Japani walitolewa Kombe la Dunia na Ubelgiji 3-2, tena walikuwa wakiongoza 2-0. Wakaondoka wameacha chumba cha kubadilishia nguo kisafi kabisa. Watu walishangaa. Mimi nilikuwa nimeyaona matambara.

Tuliporudi Dar es Salaam, mwanangu alikula kwa ndugu zetu, akainuka na kukusanya vyombo vya wote. Wakubwa wakanisema: "Unamtesa mtoto na dada wa kazi yupo!" Neno hilo linaniuma hadi leo. Sasa yuko kidato cha pili, anapika, anafua sare zake, anamwelekeza mdogo wake. Najivunia, na sioni haya kulisema.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, mpe kazi iwe yake kila siku, siyo siku aliyokosea tu. Ifanye naye. Baba naye aonekane ameshika fagio, na wa kiume asisamehewe. Akidekia vibaya, usimnyang'anye tambara. Atajua kwa kurudia. Ukikosa la kumpa, mwulize dada ni kazi gani inayomchosha zaidi, kisha mtoto achukue sehemu yake.