Uvimbe shingoni baada ya upasuaji wa ulimi

SWALI: Shikamooni. Mama yangu, miaka 56, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya ulimi Dar es Salaam miezi minane iliyopita. Tuliambiwa imewahiwa, ilikuwa ya sentimita 2, na hakupewa mionzi. Sasa chini ya taya, upande uleule, kuna uvimbe mgumu, ukubwa wa korosho, hauumi. Zahanati wamempa amoksilini mara mbili, bado upo. Majirani wanasema kansa ikiguswa na kisu husambaa. Tusubiri mnada wa korosho tupate nauli? – Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba. Msisubiri mnada. Tezi iliyovimba kwa maambukizi mara nyingi huuma, na hupungua dawa ikifanya kazi. Uvimbe mgumu usiouma, uliopita wiki mbili kwa mtu aliyetibiwa saratani ya ulimi, uchukuliwe kuwa saratani imerudi mpaka kipimo kikanushe. Amoksilini ya tatu ni kupoteza muda tu.

Kisu hakina kosa hapa. Chembe za saratani ya ulimi hushuka kwenye tezi za shingo mapema, na zikiwa chache hazionekani hata kwenye picha za CT skani. Huenda zilikuwapo kabla ya upasuaji. Hizo sentimita 2 ni upana. Kinachotisha zaidi ni kina. Tafuteni ripoti ya patholojia, yaani majibu ya maabara ya nyama iliyokatwa, muone saratani ilipenya milimita ngapi: ikizidi 3 au 4, madaktari wengi hushauri tezi za upande huo ziondolewe hata kama hazijavimba. Utafiti wa hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, uliochapishwa 2015, ulionyesha kuwa kati ya walioondolewa tezi mapema, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka 3. Kwa waliosubiri mpaka zivimbe, 67.5. Someni pia ukingo: nyama safi iliyozunguka uvimbe ikiwa chini ya milimita 5, ni finyu. Ripoti hamna? Ombeni nakala kule alikopasuliwa.

Nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa ya Ligula, Mtwara, wiki hii, mtake barua ya rufaa ya kumrudisha kwa waliompasua. Kipimo cha kwanza ni sindano nyembamba ya kunyonya chembe, ikiwezekana ikiongozwa na ultrasaundi. Msikubali uvimbe upasuliwe kwenye kituo kidogo "tuone kuna nini". Huko ni kuvuruga upasuaji wa shingo utakaofuata. Vipimo vya damu, ambavyo watu hupenda kuvilipia, havionyeshi saratani hii.

Ikiwa imeishia shingoni, na kwa kuwa shingo haijawahi kupigwa mionzi, nafasi ya kupona bado ipo: tezi huondolewa, kisha mara nyingi mionzi hufuata, siku 5 kwa wiki kwa takriban wiki 6. Kwa hiyo pangeni pesa ya malazi Dar es Salaam, si nauli peke yake. Meno mabovu yang'olewe kabla ya mionzi. Jino liking'olewa baada yake, taya hupona kwa shida sana.

Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya kwanza, ndiyo maana mwaka wa kwanza kliniki ni kila mwezi 1 hadi 3. Nyumbani, kila mwezi, shika ncha ya ulimi kwa kitambaa safi, uvute huku na huku, umulike kingo kwa tochi ya simu, kisha upapase kovu kwa kidole. Kidonda kinachozidi wiki mbili, ugumu mpya, au sikio la upande huo kuuma bila ugonjwa wa sikio: arudi kliniki bila kungoja tarehe. Na kama anatumia ugoro au tambuu, aache leo.