Kuandika unachokula baada ya kupunguzwa tumbo: jibu langu kutoka Mtwara

Dada uliyeuliza, umesema umetimiza mwezi wa nne tangu upasuaji, mizani imegoma kushuka kwa wiki tatu, na umeacha kuandika unachokula kwa sababu programu ya simu haijui ugali wa muhogo wala kisamvu. Ukauliza pia mtu aandikeje akiwa msibani au harusini. Mimi nilifanyiwa upasuaji kama wako Dar es Salaam mwaka 2021, ule wa kuondoa asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kubakiza kitu mfano wa mrija, nikiwa na kilo 134. Nitakueleza nilivyofanya mimi. Dozi na vipimo vyako aviamue daktari wako.

Uzito kusimama kwa wiki kadhaa katika kipindi hicho ni jambo la kawaida, na nywele kunyonyoka kuanzia mwezi wa tatu hivi nako huwapata wengi, kwa hiyo hayo yasikutie hofu. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba umeacha kuandika. Miezi ya mwanzo tumbo lenyewe ndilo mlinzi wako, kwa kuwa sehemu iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikitoa kwa wingi homoni ya njaa, na vijiko vinne vinakutosha. Njaa hurudi taratibu baadaye, na ni vyema ikukute umeshazoea daftari.

Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho, hivyo kitu kisichopimwa hakiniingii akilini. Programu ya simu iliponishinda, nilinunua mizani ndogo ya jikoni, na kwa wiki mbili nikapima vyombo vya nyumbani mwetu: upawa mmoja wa kunde, kijiko cha mezani cha dagaa, kipande cha changu kinachoenea kiganjani. Nyuma ya daftari nikaandika jedwali langu: yai moja lina gramu 6 hivi za protini, gramu 100 za samaki aliyepikwa zina zaidi ya 20, gramu 100 za kunde zilizochemshwa zina karibu 8, na gramu 100 za ugali wa muhogo hazifikishi hata 2. Mstari huo wa mwisho uliniuma, maana nimelelewa kwa ugali huo. Lakini niliambiwa nifikishe gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, basi samaki akatangulia, mboga ikafuata, na ugali ukawa wa mwisho endapo nafasi imebaki, na mara nyingi haibaki.

Safu iliyonisaidia kuliko zote niliiita "hali". Mfano wa mstari mmoja: "Saa 7:10 mchana, pweza gramu 60, kisamvu vijiko viwili, dakika 9, kifua kimebana." Nilipoona neno "kimebana" mara nne katika wiki moja, na zote ni siku nilizokula mbiombio nikiwahi ghalani, sikuhitaji kuambiwa na mtu kwamba pweza anataka kutafunwa mpaka alainike kabisa. Maji nayo nilijifunza kutoyachanganya na chakula: nasubiri nusu saa baada ya kula, kisha nakunywa funda kwa funda hadi yatimie lita moja na nusu kwa siku au zaidi. Ukitapika mara kwa mara, usiishie kuandika. Nenda hospitali mapema, kwani vitamini B1 huweza kuisha mwilini kwa muda mfupi na kuleta madhara kwenye neva.

Sasa kosa langu. Msimu wa korosho wa mwaka 2023 niliongezeka kilo tano, na daftari lilionyesha kalori 1,100 kwa siku. Nikaanza kuilaumu mizani, jambo la aibu kwa karani. Mama watoto alinisikiliza, kisha asubuhi moja akanipa kikopo chenye korosho za kukaanga gramu 200, akasema, "Leo kila unapotaka kuonja, chukua humu tu." Kando ya ghala letu wapo akina mama wanaobangua na kukaanga, na kila apitaye huonjeshwa, punje tatu hapa, tano pale, na punje hazikuwahi kuingia daftarini kwa sababu kwangu hazikuwa chakula. Jioni tulipopima, zilibaki gramu 60. Gramu 140 za korosho ni takribani kalori 800. Na korosho zikishatafunwa hupita kwenye mrija ule bila kushibisha, sawa na chai yenye sukari na juisi ya mabibo. Tangu siku hiyo naandika kabla ya kutia mdomoni.

Dawa nazo ziwe na safu yake. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu huachanishwa kwa angalau saa mbili, na vya chuma havimezwi na chai. Mwaka wa pili niliruka vipimo vya damu kwa kujiona mzima, vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi, na B12 ikakutwa imeshuka. Nilichomwa sindano kwa miezi kadhaa.

Ama msibani na harusini, daftari silitoi. Naomba sahani ndogo, naanza na nyama, wali vijiko vitatu, na mwenyeji akisema, "Mbona huli, shemeji?" namjibu kuwa nimeshiba, jambo ambalo ni kweli. Nikishatoka nje najitumia ujumbe kwenye simu yangu mwenyewe: "pilau vijiko 3, nyama vipande 2, soda hapana." Usiku nauhamishia daftarini.