Hichens Hangeweza Kumsoma Harries

Mezani kwangu kuna miswada mitatu ya vijana wanaotaka kuchapisha makala yao ya kwanza katika jarida la Kiswahili. Hoja zimo, data imo, na mmoja una uchambuzi wa mizani ambao ningefurahi kama ungekuwa wangu. Nikifika kwenye marejeleo, hata hivyo, nakuta vurugu: mwandishi anatajwa mara nne ndani ya matini na hayumo kwenye orodha, mwingine yumo kwenye orodha ilhali hakuna aliyemtaja popote, na kitabu kimoja kimepewa miaka miwili tofauti katika ukurasa uleule. Nawapenda vijana hawa, na ndiyo maana naandika haya badala ya kuwarudishia miswada yao kimyakimya.

1. Mwongozo wa waandishi wa jarida husomwa kabla ya kuandika, si usiku wa kuamkia siku ya kutuma. Kusema "nimetumia APA", yaani mtindo wa marejeleo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, hakutoshi, kwa kuwa toleo la sita lilidai mahali pa uchapishaji na toleo la saba, lililotoka mwaka 2019, limepaondoa, ilhali jarida lako huenda bado linataka uandike "Dar es Salaam: TUKI" (yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) kwa ukamilifu wake. Na ikiwa makala umeikata kutoka kwenye tasnifu, mtindo wa chuo chako uuache hukohuko chuoni.

2. Majina yetu hayapangiki kwa kufuata kanuni ya "jina la mwisho kwanza" pasipo kufikiri. Ngũgĩ wa Thiong'o huingia kwenye herufi N, kwa sababu "wa Thiong'o" maana yake ni mwana wa Thiong'o, bado naletewa "Thiong'o, N. W.", kana kwamba "wa" ni jina alilobatizwa. (Alilobatizwa ni James, na riwaya yake ya mwaka 1964 ilitoka kwanza kwa jina la James Ngugi, kwa hiyo anayetumia chapa ile ana kazi ya ziada.) Kuhusu Shaaban Robert, wapo wanaomweka kwenye R na wapo wanaoliacha jina lake zima kwenye S. Fuata jarida lako, lakini usifuate yote mawili. Niliwahi kupokea makala iliyomtaja kwa namna zote mbili, na mwandishi akaeleza, kwa dhati kabisa, kwamba Robert na Shaaban wanaungana mkono katika suala la maadili.

3. Hapa ndipo ninapopaswa kujitaja mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi wa uzamili niliandika makala kuhusu uhariri wa tungo za kale, na matini yangu kuu ilikuwa utungo wa Al-Inkishafi uliohaririwa na William Hichens. Nilikuwa na fotokopi ya chapa ya Nairobi ya mwaka 1972. Kwa kuwa fotokopi hulipiwa kwa ukurasa na mfuko wangu ulikuwa mwepesi, nilimwambia kijana wa mashine aruke kurasa za mwanzo "zisizo na maneno", ambazo miongoni mwake ulikuwemo ukurasa wa hakimiliki. Mwaka niliupata kwenye jalada, nikaandika "Hichens (1972)", na nikaendelea na kazi yangu kwa amani.

Lau ungekuwa mwaka tu, mhariri angeusahihisha kwa kalamu na mambo yakaisha. Mimi niliujengea nyumba. Nilikuwa nimesoma kitabu kikubwa cha Lyndon Harries kuhusu ushairi wa Kiswahili, cha mwaka 1962, na nikaona kwamba Hichens hamtaji Harries hata mara moja. Jambo hilo liliniudhi mno. Niliandika kurasa mbili nzima za kumshutumu Hichens kwa kiburi cha kitaaluma: miaka kumi imepita tangu mwenzake achapishe, naye anajifanya hakuona kitu. Kutokana na kimya hicho nikaunda nadharia juu ya wahariri wa kigeni wanaojiona kuwa wa kwanza kuifikia kila tungo ya pwani, na hitimisho langu zima likaegemea hapo. Niliiwasilisha kwenye semina ya idara. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali, na mmoja akaniambia kwamba nina ujasiri. Nikaituma kwenye jarida.

Majibu yalikuja baada ya miezi minne. Nilitarajia kurasa za maoni, lakini mhakiki alikuwa ameandika sentensi mbili tu: kwamba kazi ya Hichens ilitoka London mwaka 1939, na kwamba anamwomba mwandishi aeleze ni kwa njia gani Hichens angemsoma Harries. Hakukuwa na tusi wala kejeli, na naamini tusi lingenipunguzia maumivu, kwa sababu ningepata mtu wa kumkasirikia. Nilikwenda maktaba, nikaomba chapa ya kwanza, nikaifungua nikiwa nimesimama. Ilikuwa 1939. Miaka 23 kabla ya Harries. Kama kulikuwa na mtu wa kuulizwa iwapo amemsoma mwenzake, alikuwa Harries. Nilijaribu kuziondoa zile kurasa mbili ili kuokoa kilichobaki, na nikagundua kwamba hakikubaki kitu cha kuitwa makala.

Siku hizi kazi hiyo naiandika "Hichens (1939/1972)" ndani ya matini, na kwenye orodha nataja mwaka wa chapa niliyoishika pamoja na mwaka wa chapa ya kwanza. Ukiangalia vizuri, rejeleo lile moja lina nyakati tatu: Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga mwanzoni mwa karne ya 19, Hichens akahariri mwaka 1939, na mchapishaji wa Nairobi akachapa upya mwaka 1972. Mwenye hoja ni yupi kati yao ndilo swali ambalo mabano yale madogo yanapaswa kulijibu.

4. Ugonjwa huohuo hushika taasisi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ina toleo la 1981, la 2004 na la 2013, nayo maana ya neno huweza kubadilika kati ya toleo na toleo, hivyo "kwa mujibu wa kamusi" si rejeleo. Vilevile hakuna kitu kinachoitwa "TATAKI (1981)", kwa kuwa TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, imeanza mwaka 2009. Wakati ule ilikuwa TUKI.

5. Zotero, programu ya kompyuta ya kupanga marejeleo, hutolewa bure na inaokoa muda, lakini usipoieleza kwamba mwandishi ni taasisi itaigawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kama jina la mtu na kukuletea bwana mmoja aitwaye "Kiswahili, T. Y. U. W.", ambaye nimeshakutana naye mara nyingi kiasi kwamba nikimkosa nashangaa. Badilisha "et al." iwe "na wenzake" kama jarida linataka hivyo. Nukuu ya moja kwa moja haikosi ukurasa. Kama Harries umemsomea ndani ya kitabu cha mtu mwingine, sema hivyo.

6. Kabla ya kutuma, chapisha orodha kwenye karatasi, kisha pitia matini na uweke alama kwa kila jina unalokutana nalo. Ni kazi ya saa moja na inachosha.

Nimemaliza mswada wa pili. Wa tatu, ule wenye uchambuzi wa mizani, una "Hichens (1972)" kwenye ukurasa wa nne, na kwenye ukurasa wa tano mwandishi ameanza kumshangaa kwa kutomtaja Harries. Nimeweka penseli chini na nimemtumia ujumbe kumuuliza kama ile fotokopi yake ina ukurasa wa hakimiliki.