Re: Upelelezi wa kweli unafanana na wa kwenye tamthilia?

Mkuu, umeuliza kama upelelezi uko kama tunavyouona kwenye runinga. Nimekulia kota za polisi hapa Tanzania Bara, marehemu mzee alikuwa mpelelezi. Bastola nilimwona nayo mara chache mno. Kalamu kila siku.

Kesi ni faili: maelezo ya mlalamikaji, ya mashahidi, ramani ya eneo la tukio iliyochorwa kwa mkono, hati ya upekuzi, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kama kuna majeruhi. Kielelezo, yaani kitu cha ushahidi, kikihama mkono inaandikwa nani kampa nani, lini. Ukimruka mtu mmoja, wakili anakung'ang'ania hapo hapo.

Kwenye tamthilia majibu ya vinasaba yanatoka kabla chai haijapoa. Huku sampuli inakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, unasubiri. Na yale mahojiano ya kukesha? Sheria inatoa muda wa saa 4 tangu mtu awekwe chini ya ulinzi. Ukitaka zaidi, uongezewe rasmi. (Kama wote wanaifuata, hilo usiniulize.)

Kilichomchosha mzee ni mahakama. Anapiga pasi shati alfajiri, anafika, shahidi hajatokea, kesi inaahirishwa, anarudi nyumbani na faili lake kwapani.