Jibu kwa mleta uzi: mkuu wa mkoa mbele ya ubaguzi, kisa cha Walter Lübcke wa Kassel

Mleta uzi ameuliza kama kiongozi wa ngazi ya chini ana lolote la kufanya dhidi ya ubaguzi wa rangi wakati siasa za nchi nzima zimechafuka, na mchangiaji mmoja akamjibu kwamba viongozi wa namna hiyo huishia kutoa hotuba. Nimeishi miaka mingi kaskazini mwa jimbo la Hessen, Ujerumani, nami nitajibu kwa kisa cha Walter Lübcke, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Kassel kuanzia mwaka 2009.

Cheo chake hakikuwa cha kupigiwa kura. Kama walivyo wakuu wa mikoa kwetu Tanzania, aliteuliwa, ila kwake mteuzi ni serikali ya jimbo, na kazi yake kubwa ilikuwa kutekeleza yaliyoamuliwa juu. Mwaka 2015, watu wapatao 890,000 walipoingia Ujerumani kuomba hifadhi, utekelezaji huo ulikuwa ni kutafuta majengo, vitanda, madaktari na wakalimani kwa haraka ambayo hakuna ofisi iliyojiandaa nayo. Mimi nilijitolea kuwatafsiria vijana wa Kisomali waliokulia Eastleigh, Nairobi, ambao Kiswahili chao cha mjini kilinishinda nguvu mara kadhaa. Katika uwanja wa ndege wa zamani wa Calden watu walilala kwenye mahema. Wakati huohuo chama cha Kansela Merkel, ambacho Lübcke naye alikuwa mwanachama wake, kilikuwa kikivutana chenyewe kwa chenyewe, na vuguvugu la Pegida, lililoanzia Dresden mwaka 2014 likipinga wageni na Uislamu, lilikwishapata wafuasi Kassel.

Tarehe 14 Oktoba 2015 Lübcke alikwenda Lohfelden, jirani na Kassel, kuwaeleza wakazi kwamba kituo cha kupokea wakimbizi kitafunguliwa kwao. Angeweza kumtuma afisa, lakini alisimama mwenyewe. Wafuasi wa vuguvugu lile walimzomea kila alipofungua kinywa, na ndipo alipowajibu kwamba nchi hii ina maadili ambayo mtu hana budi kuyasimamia, na kwamba asiyekubaliana nayo anaweza kuondoka wakati wowote, kwa kuwa huo ni uhuru wa kila Mjerumani. Aliwalenga wazomeaji. Kipande kilichokatwa na kusambazwa mtandaoni kikafanya ionekane amewafukuza wananchi wote wasiopenda sera ya serikali, na vitisho vya kumuua vikaanza kumiminika.

Wapo Wajerumani, tena watu wema niliojitolea pamoja nao, walioona kauli ile ni kali mno kwa mtumishi wa umma. Mimi sikuona hivyo, wala sijabadili mawazo. Sisi weusi tunaambiwa "rudini kwenu" vituoni na madukani, na sikuwahi kabla ya hapo kumsikia mwenye mamlaka akiwaonyesha mlango wale wanaotuonyesha sisi. Lakini kwangu lenye uzito zaidi ni kwamba maneno yale yalitoka kwa mtu aliyekuwa na kituo cha kufungua, na kituo kikafunguliwa. Ndiyo sababu sikubaliani na mchangiaji aliyesema ni hotuba tu.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni 2019 alipigwa risasi ya kichwa katika baraza ya nyumba yake, kijijini Istha. Muuaji, Stephan Ernst, mtu wa siasa kali za mrengo wa kulia, alikuwamo katika ukumbi wa Lohfelden siku ile, na mwezi Januari 2021 alihukumiwa kifungo cha maisha. Kassel haikuwa ngeni kwa misiba hiyo, kwani mwaka 2006 kundi la Wanazi mamboleo lilimuua Halit Yozgat, kijana wa miaka 21, ndani ya duka lake la intaneti.

Baada ya mauaji ya Lübcke wako walioshangilia mtandaoni bila kuona haya. Bunge likapitisha sheria dhidi ya uhalifu wa chuki, iliyoanza kutumika Aprili 2021, ambayo pamoja na mengine iliandika waziwazi kwamba ulinzi wa pekee dhidi ya kashfa na matusi, ambao mahakama zilikuwa zikiwapa zaidi wanasiasa wakubwa, unawahusu hata wale wa ngazi ya halmashauri. Anayesema kwamba viongozi wadogo hawana uzito katika jambo hili anapaswa kueleza kwa nini ilibidi waandikwe humo.