Maswali ya Wasomaji: Duka la bei chee likihamia mtaani kwa Mangi

SWALI: Shikamoo mama. Nina duka la rejareja Kimara, ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro, na ndilo linalonisomeshea watoto. Sasa kuna kampuni ya maduka ya bei ya punguzo inamalizia jengo pale barabarani. Kwenye tawi lao lingine sukari wanauza 2,700 kwa kilo. Mimi nauza 3,000, na humo faida yangu haifiki 200. Wateja wanasema nianze kutafuta kazi nyingine. Je, nifunge mapema kabla mtaji haujakatika? Na kwa nini serikali isiwazuie, wakati ilishapiga marufuku wageni kufanya biashara ndogondogo?
*Mangi wa Kimara*

JIBU: Marahaba mwanangu. Usifunge. Lakini pia usiwasikilize wanaokwambia kwamba bei ya wale ni kiini macho. Bei ni ya kweli, na mnunuzi anafaidika nayo kweli.

Wananunua mzigo wa matawi yote kwa mkupuo, kiwandani, bila kupitia kwa mtu wa kati. Faida kwa kila pakiti ni ndogo, mradi pakiti zitoke nyingi. Sam Walton, mwanzilishi wa kampuni ya maduka ya Walmart, alifungua duka lake la kwanza la jina hilo kwa hesabu hiyohiyo mwaka 1962, katika mji wa Rogers, Arkansas, huko Marekani, na hesabu haijabadilika. Kuna na jambo la tatu ambalo mteja halioni. Wewe ukifuata sukari Kariakoo unalipa hapohapo. Wao wanauza leo kwa taslimu, halafu msambazaji wanamlipa baada ya siku 30, 60, hata 90. Wanazungusha hela za watu bila riba. Hilo nitalirudia kwa dada wa Mbagala hapo chini.

Na hiyo sukari ya 2,700 ni chambo. Sukari, mafuta ya kula na mchele vinawekwa karibu na bei ya kununulia kwa sababu bei zake kila mama wa nyumbani anazo kichwani. Akishaingia kufuata sukari, faida wanaipata kwenye biskuti, mafuta ya kujipaka na mabeseni ya plastiki. Ukishusha sukari yako ifike 2,700 utakuwa unagawa mtaji. Achana nayo.

Atakayekukimbia ni mfanyakazi wa mshahara anayefanya manunuzi ya mwezi: mfuko wa kilo kumi, katoni ya sabuni, bando la karatasi za chooni. Huyo hata simlaumu, mimi mwenyewe nafanya hivyo kila mwisho wa mwezi. Lakini fikiria wateja wako wa saa moja usiku. Robo ya sukari, mafuta ya kupima ya mia tano, kiberiti, nyanya tatu, vocha. Duka kubwa halimuuzii mtu robo. Halijui pia kwamba mume wa fulani analipwa Jumamosi, kwa hiyo halitamwandika kwenye daftari mpaka hiyo Jumamosi. Sukari ya 2,700 ni rahisi kwa mwenye 2,700 mkononi kwa wakati mmoja, na mtaani kwenu wengi hela yao inaingia kwa siku na kutoka kwa siku.

Angalia yaliyopita hapahapa Dar. Shoprite, kampuni ya supamaketi ya Afrika Kusini, iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Supamaketi za Uchumi, nazo za Kenya, zikafunga milango mwaka 2015, zikisema matawi ya Tanzania na Uganda yanaleta hasara. Nakumatt nayo ikaelemewa na madeni ikaondoka. Game ya pale Mlimani City, mali ya Massmart ya Afrika Kusini ambayo Walmart ilinunua asilimia 51 ya hisa zake mwaka 2011, ikafungwa mwaka 2022. Kampuni zenye wahasibu na maghala zimekuja na kuondoka, na maduka ya kina Mangi yapo kila kona. Sisemi hivi ili ufurahie. Kila mlango ule ulipofungwa, kuna vijana waliorudi nyumbani bila kazi, na hao ni watoto wetu.

Kuhusu serikali, agizo unalolisema ni la Julai 2025, na nakushauri ulisome vizuri. Limewazuia wasio raia kufanya biashara ya jumla na rejareja, lakini supamaketi zimeachwa nje ya marufuku hayo. Isitoshe, kampuni yenyewe inaweza kuwa ya Mtanzania mwenzako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inalinda ushindani, haimlindi muuzaji mmojammoja asizidiwe bei. Mkubwa akitumia nguvu yake kuwafungia wengine soko, hapo Tume ya Ushindani ina kazi. Kuuza rahisi peke yake si kosa.

Ningetamani tufike walikofika Afrika Kusini. Walmart ilipoichukua Massmart, serikali na vyama vya wafanyakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2012 mahakama ya rufani ya mambo ya ushindani ikaamuru wafanyakazi 503 warudishwe kazini na uwekwe mfuko wa randi milioni 200 wa kuwainua wazalishaji wa ndani. Duka halikuzuiwa kuuza. Liliwekewa sharti la kuwabeba wenyeji pia. Kwetu mjadala unaishia kwenye "waje" au "wasije", na mkulima wa alizeti wa Singida hatajwi kabisa.

Sasa cha kufanya. Tafuta wenye maduka wanne au watano wa mtaa wenu, mchange nauli ya kirikuu moja na mnunue pamoja Kariakoo. Bei ya katoni hamsini si ya katoni tano. Funga daftari la wasiolipa miezi miwili, baki na waaminifu. Fungua alfajiri, watu wanapowahi mwendokasi. Na sukari ya wale ikiwa kweli iko chini ya bei yako ya jumla, chukua mfuko wako ukainunue kwao, uje uipime robo robo. Wataweka kikomo cha kilo tano kwa mteja. Nenda na mkeo.

SWALI: Mama, kwenye haya maduka nitajuaje kama punguzo ni la kweli?
*Msomaji, Sinza*

JIBU: Soma gramu kabla ya bei. Mwezi huu nimesimama mbele ya rafu ya sabuni ya unga na miwani yangu. Pakiti yenye kibandiko chekundu cha punguzo ni 4,200, na ya jirani yake ni 4,500. Mkono unakwenda kwenye 4,200. Kwa chini, kwa maandishi ya kusoma kwa tabu, ile ya punguzo ni gramu 900 na ya 4,500 ni kilo kamili. Piga hesabu: yenye kibandiko inakutoka zaidi ya 4,600 kwa kilo. Simu yako ina kikokotoo, itumie palepale dukani. Na nauli ya bajaji ya kurudi na mizigo iingize kwenye hesabu.

SWALI: Shikamoo. Natengeneza siagi ya karanga Mbagala, chupa moja nauza 5,000 kwa jumla. Kampuni moja ya maduka ya punguzo inataka chupa 300 kila wiki, malipo baada ya siku 60, na zisizouzika nirudishiwe. Ndugu zangu wanasema nimetoboa. Nisaini?
*Dada wa karanga*

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera, maana wanaofikia rafu zile ni wachache. Ila kabla ya kusaini chukua kalamu. Chupa 300 kwa 5,000 ni 1,500,000 kwa wiki. Ndani ya siku 60 utakuwa umeshapeleka mara tisa kabla shilingi ya kwanza haijaingia. Hiyo ni 13,500,000 iliyoko nje, wakati muuza karanga anataka chake leo na umeme ni wa kulipia kabla. Unazo?

Mimi nilipeleka achari ya embe kwenye duka moja kubwa la jijini kwa masharti kama hayo. Siku 60 zikawa miezi mitano. Hela ilipokuja ilikuwa imekatwa "mchango wa promosheni" ambao haukuwa kwenye LPO, ile hati yao ya oda, na chupa nilizorudishiwa zilikuwa na vifuniko vilivyofunguliwa. Bado nakasirika nikikumbuka. Wanawake wawili niliokuwa nao jikoni niliwaachisha kazi, na makosa hayakuwa yao.

Waambie unaanza na tawi moja, chupa 60 kwa wiki. Hapo kitakachokuwa nje ni 2,700,000, na hilo ni deni unaloweza kulala nalo. Omba siku 30. Kila mzigo upokelewe kwa hati yenye muhuri na sahihi, nakala ibaki kwako. Makato yoyote yaandikwe kwenye mkataba, na chupa iliyofunguliwa isirudi. Alama ya TBS, Shirika la Viwango, uwe nayo tayari, maana karanga zinapimwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Na kina Mangi wanaokulipa taslimu usiwaache hata wiki moja, kwa sababu hela yao ndiyo itakayonunua karanga za mzigo wa dukani.

Wakikubali, nitumie rasimu ya mkataba kabla hujaweka sahihi, niangalie kile kipengele cha kurudisha bidhaa.