Yuriki ya mzee imeshuka? Msishangilie, pimeni sukari leo

Mleta uzi, salamu utanisamehe, nimesoma bandiko lako mkasi ukanidondoka. Unasema mzee wako ana kisukari cha aina ya pili, gauti ikamshika kidole gumba cha mguu, mkanunua vidonge vidogo vyeupe kwenye kifuko kisicho na jina, na leo ni wiki ya pili anavimeza. Yuriki, ile taka ya kwenye damu inayoleta gauti, ilikuwa 9.1, mmerudia kupima imekuja 5.2, mzee anatembea mwenyewe hadi msikitini, na sasa mnataka aendelee na hivyo vidonge, metformini, dawa yake ya sukari, ipumzike kidogo. Halafu chini kabisa ukatupia, kama mtu anayeaga, kwamba siku hizi mzee ana kiu sana na usiku anaamka mara nne kukojoa, "nadhani ni hili joto la Tanga".

Joto la Tanga nalijua, nimezaliwa Ngamiani na nitazikwa hukohuko. Joto linakutoa jasho, halikuamshi mara nne kwenda chooni. Na katika bandiko zima, lenye maswali matano, hakuna namba ya sukari hata moja. Za yuriki mbili, za sukari sifuri. Hapo ndipo mnapoteleza, na ndipo nilipoteleza mimi miaka mitatu iliyopita nikaokotwa.

Kwa hiyo hata kabla hujamaliza kunisoma: leo hii mzee achomwe kidole apimwe sukari, popote penye kimashine. Akiwa anatapika, amelegea au anaongea hovyo, msipoteze muda, ni hospitali moja kwa moja na kifuko cha vidonge mkononi. Vidonge msivikate kwa amri yangu. Kama ndivyo ninavyovidhania, mtu akishavimeza wiki kadhaa, kuviacha ghafla kunaweza kumwangusha, daktari ndiye atasema vinashushwaje. Metformini msimwachishe kwa akili ya jukwaani.

Sasa acha nikusimulie, maana ukiambiwa tu "pima sukari" utaitikia ndiyo halafu hutapima.

Mimi ni fundi cherehani, kanzu na mashati. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa mguu. Sasa fikiria mfungo wa tisa wa Ramadhani, kwenye kamba zinaning'inia kanzu 23 za Idd, na gauti inakupiga kidole gumba cha mguu uleule wa kukanyagia. Wazee wetu waliita jongo, wakadhani ni ugonjwa wa wenye raha. Raha gani! Kidole kimeiva kama nyanya, kinang'aa, shuka likikigusa unamwita mama yako. Nilijaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto, mshono ukaenda kama barabara ya kupandia milima ya Amani.

Hospitali nikaona foleni itanila siku nzima. Nikachechemea hadi duka la dawa la jirani. Kijana wa pale, koti jeupe, akakitazama kidole kwa mbali kama mtu anayechagua embe. "Ami, hii gauti. Nina kitu." Akanihesabia vidonge kwenye kifuko cha nailoni, hakuandika jina, hakuandika kitu. Meza sita daku, ukipata nafuu endelea viwili daku, viwili futari. Nikamwambia mimi nina sukari. Sitasahau jibu lake: "Hivi havihusiani na sukari, hivi ni vya viungo."

Vilikuwa prednisoloni. Steroidi! Kati ya vidonge vyote mle dukani, akachagua kile ambacho mwenye sukari ndiye hasa wa kukiogopa. Uvimbe kinazima kweli, hata hospitali wanakitumia kwa gauti, lakini ni siku chache, anakuandikia mtu anayejua una kisukari, na sukari inafuatiliwa. Kinalifanya ini limwage sukari kwenye damu na kinaifanya misuli iikatae. Mtu mwenye kongosho zima anafidia. Mimi na mzee wako tunafidia na nini?

Na lile koti jeupe, kwa taarifa yako, nililishona mimi. Tetroni, mifuko mitatu, elfu ishirini na tano, na elfu tano hajaimalizia mpaka leo. Najua kitambaa kilichoingia mle, na udaktari haumo hata inchi moja. Lakini ndiye niliyemsikiliza, kwa hiyo mjinga ni wawili.

Siku ya pili nilikuwa nakanyaga cherehani huku naimba kasida. Nikaendelea na vidonge vyangu. Kiu ikaanza. Sasa aliyefunga akiwa na kiu nani atashangaa? Futari nafungulia tende na jagi zima la juisi ya machungwa ya Muheza, kisha uji, kisha maji. Usiku nakwenda chooni mara tano, nikasema ni lile jagi. Nikapungua, mkanda ukaingia matundu mawili, watu msikitini wakaniambia Ramadhani ya mwaka huu imekupendeza. Mke wangu ndiye aliyesema kuna sisimizi chooni, wamejipanga msafara mpaka pale ninapokojolea. Nikamjibu anunue dawa ya wadudu. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Baada ya wiki mbili nikaenda kupima yuriki. Mwanzo ilikuwa 9.4, sasa 4.8. Yule wa maabara akaniuliza, "Na sukari tukupime? Elfu tatu tu." Nikamwambia yuriki inatosha, sukari yangu naijua mwenyewe. Elfu tatu! Bei ya vifungo. Nikaikunja karatasi nikaiweka mfuko wa mbele ionekane kidogo, kama mtoto aliyefaulu darasa la saba. Usiku ule nikajipongeza kwa supu ya pweza pale barabarani, na metformini nikaisimamisha, kwa sababu nimepona, na kwa sababu pweza ana kazi zake na sikutaka kumchanganya na dawa. Msicheke.

Siku tatu baadaye nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Miaka zaidi ya thelathini natunga uzi huku naongea na mteja, simwangalii hata. Siku hiyo tundu silioni, naona ukungu. Nikamwita mtoto wa jirani anitungie, nikasema miwani imechoka. Kisha nikachukua kanzu ya mtu mmoja mwenye heshima zake nikamkatia mikono yote miwili ya kushoto. Nikaiweka mezani, nikaitazama, nikaona iko sawa. Usiku wa mfungo wa 28 nikatapika, nikaanguka kati ya meza na ukuta.

Hospitali wakanichoma kidole, kimashine kikaandika HI. Nikadhani kinanisalimia kwa Kizungu. Muuguzi akasema, "Baba, hiyo maana yake sukari imepita pale kinapoishia kusoma." Kile kilikuwa kinaishia milimoli 33.3. Dripu, insulini, kreatinini, kipimo cha figo, juu kwa sababu mwili umekauka. Takbira za Idd nilizisikia kupitia dirisha la wodi. Kanzu tisa hazikushonwa, nikarudisha pesa za watu, ya mikono miwili ya kushoto nikalipa na kitambaa. Cherehani yangu ya pili, ya umeme, ikauzwa.

Sasa ndio nifike kwenye hiyo 5.2 yenu. Nikiwa wodini, daktari wa zamu, binti umri wa mwanangu wa tatu, alinihoji nimetumia dawa gani. Nikamtolea ile karatasi ya 4.8 kwa mbwembwe, aone kwamba gauti angalau niliimaliza. Akaitazama, akaniuliza swali moja: "Siku hiyo sukari ilikuwa ngapi, baba?" Kimya. Akasogeza kiti.

Alivyonieleza ni hivi. Yuriki ni taka, na sehemu yake kubwa, kama theluthi mbili, inatoka kwa mkojo. Kwenye kisukari cha aina ya pili, hasa mwanzoni, insulini, kile kichocheo cha kushusha sukari, ipo tele mwilini ila haisikilizwi, na insulini ikizidi figo zinaing'ang'ania yuriki, haziiachii itoke. Ndiyo maana wengi wetu sukari imezidi kiasi na yuriki nayo imezidi, vinapanda pamoja. Lakini sukari ikivuka kama 10 hivi, figo zinashindwa kuirudisha yote kwenye damu, inamwagika kwenye mkojo, na ikimwagika inaondoka na yuriki. Kwa hiyo sukari inavyozidi kuharibika, namba ya yuriki inazidi kupendeza. Steroidi nazo zinasaidia kuisukuma itoke. Ile 4.8 yangu ilikuwa risiti ya sukari niliyokuwa nawamwagia sisimizi. Zipo hata dawa za kisasa za kisukari, dapaglifozini na wenzake, zinazofanya kazi kwa kukukojoza sukari, na ukizitumia yuriki inashuka kidogo, ila pale sukari ya damu nayo inashuka na daktari anakufuatilia. Mimi nilikuwa najikojoza bila dereva.

Akamalizia: "Sukari ikitulia, hiyo yuriki itarudi, na mguu utakuuma." Nikamwona ana gundu. Siku ya nane sukari ikafika 9, yuriki ikaja 8.9, kidole kikawaka upya, maana gauti haipendi yuriki inayopanda na kushuka ghafla. Ndipo nikaanzishwa matibabu ya kweli: kolkisini kidogo ya kukinga gauti isiwake, halafu alopurinoli ya kushusha yuriki, kuanzia miligramu 100, inapandishwa taratibu kwa vipimo vya yuriki na figo. Leo niko 5.6, na kipimo cha sukari cha miezi mitatu asilimia 7.1. Lengo walilonipa ni yuriki chini ya 6, au chini ya 360 kwa maabara zinazoandika kwa mikromoli, usije ukaona 360 ukazimia.

Tangu siku ile YURIKI NA SUKARI NI SIKU MOJA, DAMU YA MKONO MMOJA. Ukiniletea karatasi ya yuriki peke yake siisomi, nakurudishia. Mke wangu nimemwambia, watoto nimewaambia, wateja wenye vitambi nawaambia nikiwa nawapima kiuno. Mmoja kanijibu amekuja kushonewa suruali, siyo kuhutubiwa. Na kreatinini ongezeni, maana ndiyo inayosema figo zina hali gani.

Uliuliza kama yuriki ndiyo chanzo cha sukari, na mkiishusha sukari nayo itashuka. Hapana. Vinatembea pamoja kwa sababu vimekulia nyumba moja: kitambi, ini lenye mafuta, insulini isiyosikilizwa. Lakini alopurinoli si dawa ya sukari, itashusha yuriki na sukari itabaki palepale inakuangalia. Kama mzee ana vidonge vya presha vile vya kukojoza, mkamtajie daktari, vingi vinapandisha yuriki na kuna vya kubadilishia. Msivitoe wenyewe tu. Diklofenaki, zile za maumivu, za kumeza kama karanga nazo zina kesi yake na figo, sitaki kuianza saa hizi.

Juisi. Hapa nakusihi, kwa kuwa umesema mzee yuko Muheza na machungwa yako mlangoni. Utamu wa matunda ukikamuliwa jagi zima unaingia kwenye ini kwa mkupuo, na ini likiuchakata linazalisha yuriki, wakati huohuo sukari inapanda. Jagi moja, hasara mbili. Mimi nilikuwa nimeacha nyama kwa ajili ya gauti halafu nakunywa machungwa kumi na mawili kwa jioni moja nikijiona mcha Mungu. Chungwa moja la kumenya na kula na nyuzi zake ni habari nyingine.

Na yule mliyenunua kwake, mrudieni mumuulize jina la kidonge. Mwambie aandike. Atakwambia "ni ya viungo". Mwambie jina, siyo kazi. Ukiona anaangalia pembeni umeshapata jibu. Wa kwangu nilimrudia Idd ilipopita, nikiwa na fimbo, nikamuuliza hivyohivyo. Akaniambia, "Ami, si ulipona mguu?" Nikakosa la kusema. Nikadai elfu tano yangu ya koti.

Mdogo wangu, kwa kuwa uzi wako ni wa saa mbili zilizopita naamini bado uko macho. Mpigie aliye karibu na mzee, apelekwe akachomwe kidole sasa hivi, ukipata namba iandike hapahapa, ya sukari, hata kama ni saa saba usiku. Mimi nipo, nina suruali sita za harusi na sijagusa hata moja.